Nilivyohamisha movie za mjomba kutoka kwenye diski hadi kwenye kitochi, na mjomba mwenyewe haoni

Wakuu, habari za humu. Nimesoma nyuzi za wenzangu muda mrefu bila kuchangia hata nukta, leo nalipa deni. Nitakayoeleza yametokea kweli, na aibu iliyomo ni yangu, kwa hiyo sina sababu ya kuongeza chumvi.

Kwanza mnijue. Naishi Dodoma mjini, elimu yangu form four, na mimi ni mtu wa ndani. Majirani wakiniona nimefika dukani wanauliza kama kuna msiba. Kwa vile nashinda na laptop, ukoo mzima unaamini mimi ni mtaalamu wa kompyuta. Sijawahi kukanusha.

Sasa mjomba wangu, mkulima wa zabibu kule Buigiri, alivunjika paja. Alianguka akishuka kwenye bodaboda, na bodaboda ilikuwa imesimama. Akalazwa hospitali ya Mvumi, mguu umening'inizwa, akaambiwa atulie kitandani mpaka mfupa uunge.

Mjomba haoni tangu utotoni. Hilo kwake si tatizo. Tatizo lake ni kutulia.

Akaanza kuwaambia manesi anataka kurudi nyumbani. Daktari akamweleza kwamba akiondoka sasa mguu utaunga ukiwa umepinda, pengine asitembee vizuri tena. Mjomba akajibu kwamba shamba lake analijua hata kwa mguu uliopinda. Hakuwa anatania.

Anti, yaani mke wake, asingeweza kukaa naye kutwa. Zabibu zilikuwa zimeiva, na zikiachwa ndege wanamaliza.

Hapa nisimame kidogo. Wale wawili ni watu wa movie. Wana mfuko mzima wa diski, nyingi bongo movie za zamani. Kila jioni anti anaweka moja, wanakaa kochi moja, mjomba anasikiliza. Wale wa kwenye TV wakinyamaza, anti anamwambia kinachoonekana.

Ndiyo ndoa yao hiyo.

Basi anti akanitumia ule mfuko kwa basi, na ujumbe kwamba nimwekee mjomba kwenye kitu cha kushika mkononi, la sivyo atatoroka wodini.

Nikaingia kazini. DVD drive ya nje nikaazima. Diski zilikuwa na mikwaruzo kama zimelimwa, nikaziosha kwa maji na sabuni, nikazifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda pembeni (msifute kwa kuzungusha, wakuu, mnaziua). Nikashusha programu ya bure ya kugeuza DVD kuwa MP4.

Hapo ujuaji ukanipanda. Video za diski za zamani, mtu akikimbia anatoka mistari kama meno ya kitana. Nikaitoa. Nikakata weusi wa juu na chini ya picha. Nikaongeza mwanga, nikasawazisha rangi. Laptop ikaunguruma kama mashine ya kusaga.

Zilipoisha nikazipakia kwenye tablet yangu, nikapanda gari hadi Mvumi. Mimi huyu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umetoka ndani? Kuna amani huko?"

Nikamkabidhi tablet, nikaanza mhadhara: mistari nimeitoa, rangi zimekaa, quality kali. Mjomba akapapasa kioo, akapapasa mgongo wake, akarudi kwenye kioo.

"Picha ni nzuri, mpwa wangu?"

"Nzuri sana, mjomba."

"Basi iangalie. Ukimaliza utanihadithia."

Mzee wa kitanda cha jirani alicheka mpaka akashika mshono.

Wakuu, nimemjua mjomba maisha yangu yote. Nilizama kwenye settings nikasahau movie ni za nani. Na kile kioo ni laini kote, hata pa kubonyeza asingepajua. Akatoa kitochi chake, kile kisimu cha vitufe, chini ya mto, akasema niweke humo, vidole vyake vinakijua.

Nikarudi nyumbani, nikatoa sauti tupu, nikazigeuza MP3. Mfuko mzima ukaingia kwenye memory card na nafasi ikabaki. Nikamtumia anti ile kadi kwa basi, akampelekea. Nikajipongeza kwa chai.

Chai haijapoa, mjomba akapiga.

"Mlango umefunguliwa, muziki ukapigwa weee, mtu akalia, ikaisha. Nani amekufa?"

Nikaelewa. Sauti ya anti haimo. Nikampigia yeye nimwombe arekodi. Akanijibu akiwa shambani kwamba mikono yake ina kreti la zabibu, yangu ina nini?

Nikavaa headphone. Naangalia, na wale wakinyamaza najirekodi nikieleza.

Ya kwanza niliharibu. Mjomba alinishtaki kwa anti kwamba nimemwambia mapema kuwa rafiki ndiye mwizi. Anti akanipa sheria ya kazi: "Sema unachokiona. Unachokijua, nyamaza."

Baada ya hapo nikanyooka. Nesi akaniambia kwa simu ya mjomba kwamba habari za kuondoka zimeisha, sasa ugomvi ni wagonjwa wengine wanataka sauti iongezwe. Yule mzee wa jirani aliuliza msimuliaji ni nani. Mjomba akamwambia ni mpwa wake, hana marafiki, ndiyo maana ana muda.

Ya mwisho mfukoni ilikuwa diski ya harusi yao. Mpiga video aliifunika kwa nyimbo mwanzo mwisho, hakuna neno linalosikika. Nikaeleza nilichokiona.

Kwenye picha za pamoja, mjomba kageukia upande usio na kamera. Anti akamshika kidevu taratibu, akamgeuza. Halafu yeye mwenyewe hakuitazama kamera. Alimtazama mjomba, anatabasamu, mpaka walipoitwa watu wengine.

Mjomba akapiga.

"Hapo pa kidevu. Umesema anatabasamu?"

"Ndiyo mjomba. Muda wote."

"Hiyo diski tumeiweka mara nyingi sana," akasema. "Ananitajia nguo za watu, keki, nani kacheza vibaya. Yeye mwenyewe hajawahi kujitaja."

Mjomba ametoka, mguu umenyooka, anatembelea gongo moja. Jioni ya kwanza nyumbani aliomba iwekwe diski ya harusi. Anti akaanza na nguo za watu kama kawaida. Walipofika kwenye picha, mjomba akamtangulia: "Hapa unanigeuza kidevu. Na unacheka."

Anti alinipigia kunigombeza.

"Si nilikuambia unyamaze?"

"Nilisema nilichokiona, anti."

Akakata simu. Keshokutwa yake nikaletewa ndoo ya zabibu kwa basi.

Nilichojifunza: kabla hujagusa settings, muulize mwenye diski anaitazamaje, hata kama unadhani unajua. Mwenye diski zinazogoma aulize hapa chini, na wa kunicheka awe huru. Nipo, sitoki.