Mahindi ya Februari

Kalondu alifika nyumbani Kathiani mwezi wa tano mwaka wa 2004, baada ya miaka miwili bila kuwaona wazazi wake. Alikuwa akisomea kazi ya maabara ya hospitali huko Pune, India, na alirudi likizo hiyo kwa sababu mamake alikuwa amempigia simu akasema baba hana nguvu. Simu ilikatika kabla hajauliza zaidi.

Alimkuta baba, Mzee Kilonzo, ameketi kando ya jikoni, blanketi mabegani na jua lote lile. Alipocheka kumlaki bintiye, Kalondu aliyaona macho yake. Yalikuwa ya manjano kama kiini cha yai. Tumbo lilikuwa limejaa na miguu imevimba. Mamake, Kamanthe, alieleza kwamba kwenye zahanati walisema ni malaria, wakampa dawa, akazimaliza zote. Kwa jirani yao Mwanzia walikuwa wamezika wawili katika wiki tatu, mkewe na mama yake, na wote macho yao yalikuwa hivyo hivyo. Watu walikuwa wameanza kunong'ona habari za uchawi, na mjane mmoja wa kilima cha pili hakuwa akiamkiwa tena njiani.

Kalondu alikuwa ameondoka nyumbani akiwa na nia moja. Alipokuwa kidato cha pili, dada yake mkubwa alikufa kwa homa ambayo hakuna aliyejua ni ya nini, kwa kuwa hapakuwa na kifaa cha kupima damu yake. Tangu siku hiyo alitaka watu wa kwao wasife bila kujua kinachowaua.

Aliuliza walikuwa wakila nini. Mama alishangaa, kisha akampeleka chumba cha kulala. Magunia sita yalikuwa yamesimama kando ya kitanda. Mvua ilikuwa imekatika mapema, njaa imeingia, na wezi walikuwa wakivuna mashamba ya watu usiku. Basi mwezi wa pili Kamanthe aliyavuna mahindi kabla hayajakauka, akayaficha ndani. Kalondu alitia mkono katika gunia. Ndani kulikuwa na joto. Punje zilishikamana, zimeota ukungu wa kijani.

Huko Pune mwalimu wao aliwahi kuwasimulia juu ya vijiji vya nchi ile ambako watu walikula mahindi yenye kuvu na maini yao yakaharibika. Alisema mbwa ndio waliotangulia kufa.

"Simba yuko wapi?" Kalondu aliuliza.

Mama akasema mbwa alikufa wiki ya Pasaka.

"Mwaitu, mama yangu, tusiyale tena haya."

"Tule nini?" mama aliuliza. Hakuwa akibishana. Alitaka kujua.

Kamanthe alisema kwamba yeye huyaosha mara tatu, akayatwanga yakatoka maganda, akapika muthokoi, na uchungu wa ukungu ukaisha. Kalondu alimwambia kuosha hakuondoi sumu ya kuvu. Neno lililobaki, kwamba chakula hicho ndicho kilichomlaza baba, hakulisema.

Asubuhi walimpeleka Mzee hospitali Machakos mjini. Wodi ilikuwa imejaa macho ya manjano, wagonjwa wawili kitanda kimoja. Daktari, kijana aliyeonekana hajalala siku nyingi, alimsikiliza Kalondu mpaka mwisho. Alisema mahindi kutoka kwa wagonjwa wengine yalishapelekwa Nairobi kupimwa.

"Lakini hata jibu likija, dada, dawa ya ini lililokufa sina. Wewe unasoma huko nje. Wao wako nayo?"

"Hawana," Kalondu alisema.

Basi sasa alikijua kinachoua, na kukijua hakukumsaidia lolote. Alikaa na baba siku nne. Siku ya mwisho Mzee alimwomba aongee Kihindi asikie kilivyo. Kalondu akamhesabia moja mpaka kumi, baba akatabasamu, akataka arudie. Alikata roho mchana huo.

Siku ya mazishi wanawake walikuja na mahindi kwenye karai, kila mmoja ametoa yaliyokuwa chumbani kwake, yenye ukungu vilevile, kwani mfiwa haachwi peke yake. Sufuria tatu zilikuwa motoni, na Kamanthe mwenyewe alikuwa akikoroga. Kalondu aliona watoto wamekaa wakingoja. Akasimama, akawaeleza wote yale aliyoyanyamazia.

Mwanzia ndiye aliyejibu. "Unasema wake zetu ndio walitulisha sumu?"

"Hawakujua. Hakuna aliyejua."

Kamanthe aliweka mwiko chini taratibu. "Kumbe ni mimi," alisema, akaingia ndani ya nyumba.

Mwanzia alibeba sufuria moja moja akazimwaga shimo la taka. Watu walitawanyika na njaa yao, na Kalondu alisikia baadaye kwamba wengine walienda kupika yale yale. Wiki iliyofuata wakaja watu wa serikali kukusanya mahindi mabovu na kugawa ya msaada, ambayo hayakutosha. Kamanthe aliburuta magunia yake mpaka barabarani bila kumruhusu mtu amsaidie. Tangu hapo hakupika tena. Kalondu akimwekea chakula alikula kidogo, akashukuru, akageukia ukuta.

Muda wa kurudi chuoni ulipofika, Kalondu alisema angependa kubaki.

"Nenda," mama alisema. "Ungekuja Februari."

Alienda. Katika muhula ule mwalimu, aliyekuwa amesikia habari za Kenya, alimwomba awaeleze wenzake aliyoyaona. Kalondu alieleza rangi ya macho, tumbo na miguu, na siku ambazo mgonjwa huchukua kabla ya kufa. Mwanafunzi mmoja akauliza chakula kile kilipikwa vipi, na nani alikipika. Kalondu aliketi. Mwalimu akaendelea na somo.