Rhoda yuko Ufaransa, Avelina bado ananyonga baiskeli Pito

Jua halijachomoza, na upepo wa Ufipa unakata masikio. Avelina ameinama juu ya usukani, madumu mawili ya maziwa yamefungwa kwa mipira kwenye keria, anapanda barabara ya kutoka Pito kwenda Mazwi, mjini Sumbawanga. Wanaume wenye mizigo myepesi kuliko wake wameshuka, wanakokota. Yeye hashuki.

Kwenye mgahawa wa kwanza anamsalimia mwenyewe, Mama Bertilla.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Habari za Rhoda? Nasikia jana alikuwa kwenye luninga."

Avelina anamimina maziwa bila kuinua uso. "Alikuwa. Amekuwa wa arobaini na mbili."

Kila asubuhi ni hivyo. Rhoda anaendesha baiskeli kwa kulipwa katika timu moja ya Ufaransa, na kwa kuwa zamani walifanya mazoezi pamoja, habari zake huulizwa kwa Avelina.

"Hakuna anayeniuliza mimi naendeleaje," anasema. "Andika tu kwamba namwonea wivu. Usinipambe."

Avelina, mwenye miaka 29, alizaliwa Pito katika familia ya wakulima wa mahindi na ulezi. Baiskeli aliijulia kwenye kupeleka magunia mashineni. Rhoda alifika na wazazi wake, wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga, wakakutana sekondari. Mwalimu wa michezo, Romani, aliwaona wanavyofukuzana barabarani, akaanza kuwafundisha.

"Avelina alikuwa na nguvu zaidi," anasema Romani, ambaye sasa amestaafu. "Mlimani, Rhoda alikuwa anauona mgongo wake tu."

Tofauti ilikuwa nyumbani. Baba yake Rhoda aliuza ng'ombe, akamnunulia bintiye baiskeli ya mbio. Baba yake Avelina alisema baiskeli ni ya kubebea mzigo.

Miaka minane iliyopita, kocha kutoka Ufaransa alikuja Sumbawanga kutafuta msichana mmoja wa kwenda naye. Jaribio lilikuwa kupanda kutoka Muze, chini kwenye bonde la Rukwa, hadi juu ya milima ya Lyamba lya Mfipa. Avelina aliongoza mpaka kona za mwisho. Hapo mnyororo wake uliochakaa ukakatika, Rhoda akampita.

"Aliniangalia," anasema. "Kisha akageuza shingo, akaendelea kunyonga. Hata mimi nisingesimama. Lakini iliniuma, na mpaka leo inaniuma."

Desemba iliyopita Rhoda alirudi likizo na baiskeli yake, akamfuata nyumbani. "Twende Muze, kama zamani," akamwambia. Kuteremka hakukuwa na shida. Kupanda, Avelina akiwa juu ya baiskeli ya maziwa, Rhoda alisimama kila kona kumsubiri.

"Bora angeniacha," Avelina anasema. "Kupitwa nilishazoea. Kusubiriwa kama mgonjwa, hapana."

Katikati ya mlima alishuka. "Nipe hiyo yako. Wewe chukua hii."

Rhoda akacheka. Alipoona mwenzake hacheki, akampa.

Ndala za Avelina zilikuwa zinateleza kwenye pedeli zile ndogo, lakini aliondoka. "Ilikuwa kama kuna mtu ananisukuma mgongoni. Nililia huku nanyonga. Kumbe ndicho alichokuwa nacho miaka yote!"

Rhoda alifika juu baadaye sana, anakokota, jasho linamtiririka. "Bado una miguu, mwenzangu."

"Najua. Ndicho kinachonikera."

Wakakaa kando ya barabara. Rhoda akamweleza kwamba amewahi kuvunjika mtulinga mara mbili, na kwamba hajawahi hata siku moja kupewa nafasi ya kushinda. Kazi yake ni kumkinga kapteni wa timu dhidi ya upepo, na kurudi nyuma kwenye gari kumchukulia chupa za maji.

"Alidhani nitamwonea huruma," Avelina anasema. "Nikamwambia, hata hayo maji ningebeba."

Hawakugombana. Hawakukumbatiana pia.

Tangu siku hiyo, akimaliza kugawa maziwa, Avelina hupitia kwa fundi mmoja wa Mazwi anayemuungia baiskeli ya mbio kwa vipuri vya mtumba. Anajiandaa kwa mashindano ya wanawake Mbeya, mwezi Juni.

Mumewe, Abel, anayekamua ng'ombe, anasema mkewe amebadilika. "Zamani akimwona Rhoda kwenye simu, alikuwa anazima. Siku hizi anatazama mwanzo mpaka mwisho: anavyokaa, anavyoshika usukani, anavyokata kona."

Mwalimu Romani alimwomba awafundishe wasichana wa shule. Alikataa.

"Nitafundisha nikizeeka. Sasa nataka kushinda."

Rhoda naye ametuma ujumbe kwamba ataomba ruhusa kwenye timu yake, aje Mbeya kumshangilia.

"Nimemjibu asije kushangilia," anasema Avelina. "Aje na baiskeli."