Muuza Madafu na Begi Letu
Hata kanisani sijasimulia haya, kwa hivyo nichekeni polepole.

Likizo ya Agosti nilimpeleka mke wangu Kemunto na watoto wetu wawili Mombasa kuona bahari. Huku kwetu Keumbu nilikuwa nimeonywa kuwa ufuoni unaweza kuibiwa kiatu kikiwa mguuni. Nikaenda nikiwa macho.

Muuza madafu mmoja alitutazama tukivua nguo. Nikamtilia shaka papo hapo. Nilipoliweka begi letu la nguo mbali naye, kwenye mchanga karibu na maji, akanifuata.

"Baba, lete begi huku juu nilipo. Maji yatarudi."

Yarudi kutoka wapi? Mimi ni mtu wa milimani. Kwetu mto ukishateremka umeenda, haurudi kumsalimia mtu. Nikajua huyu ni mwizi aliyezoea wageni. Nikamshukuru, na begi nikaliacha palepale.

Tukaenda na watoto kuokota kombe za baharini. Kila mara niligeuka kumchungulia yeye, begi sikulitazama. Hakutoka kwenye madafu yake hata kidogo. Lakini nilipokuja kutafuta begi, halikuwepo, nami nikajua ana mwenzake.

Nikamkamata shati. Watu wakajaa. Nikawaeleza alivyolimezea mate begi letu tangu asubuhi. Yeye alikuwa akitazama tu nyuma yangu.

Binti yangu mdogo, Moraa, akanivuta mkono.

"Baba, suruali yako ya kanisa inaogelea."