Prosesa ya Baba Yangu

Baba aliendesha malori, au kamio kama tusemavyo hapa, kwa miaka mingi, akibeba mahindi ya Kabongo na samaki wa Kabondo-Dianda, mpaka alipopata ajali akavunjika nyonga. Tangu hapo alishinda kwenye kiti mbele ya nyumba yetu hapa Kamina, akigonga-gonga mkono wa kiti kwa vidole. Mimi natengeneza simu na kompyuta karibu na soko. Kazi yangu haikunichosha kama mlio wa vidole hivyo. Nikaamua kumuundia kompyuta ya michezo, aendeshe lori kwenye skrini.

Kasha, skrini, usukani wa michezo na kadi ya picha nilikuwa navyo. Kilichokosekana ni prosesa, kile kipande kinachofanya hesabu zote za kompyuta, pamoja na bodi ya kuipachika. Binamu yangu wa Lubumbashi alikubali kuninunulia na kunitumia kwa treni.

Wiki nzima sikutulia. Prosesa ndogo ilitumia umeme kidogo. Kubwa ilikuwa na kasi zaidi, lakini inapata moto na kumaliza betri, na umeme wetu ni wa sola. Jumatatu nilimwandikia binamu anunue kubwa. Jumanne nikasema ndogo. Nilikuwa nikisonga bukari, ugali wetu, naiacha, nakwenda kusoma tena kwenye simu, bukari inaungua. Jumatano asubuhi kubwa, mchana ndogo. Ndipo akanipigia, akiniita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, weye unataka nini? Minyi niko mu duka. Sitarudia hapa tena."

"Ndogo," nikasema. Mchezo wa lori hauhitaji zaidi.

Nikaenda kumwambia baba, maana mpaka siku ile nilikuwa nimemficha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Vidole vikasimama.

"Kamio? Mama, nani alikuambia minyi nataka tena kamio? Ile njo ilinivunja," akaniambia mimi binti yake.

"Sasa Papa anataka nini?"

Alitazama upande wa kambi ya jeshi, kule zinakotua ndege. "Ndeke," akasema polepole, kana kwamba anaomba samahani. "Tangu niko mutoto nilitaka kurusha ndeke."

Mchezo wa kurusha ndege huielemea prosesa kuliko mingine mingi ninayoijua. Nikapiga simu, mtandao hakuna. Nikakimbia hadi kwenye kichuguu kirefu nyuma ya nyumba za jirani, nikapanda na viatu mkononi kutafuta mtandao. Mara ya nne binamu akaitika.

"Umelipa?"

"Bamekwisha kunifungia mu karto."

"Fungua katoni, rudisha. Chukua ile kubwa."

"Yaya, weye utaniua," akasema, kisha nikamsikia akimwita muuzaji.

Mzigo ulifika wiki iliyofuata. Niliipachika prosesa mwenyewe. Alasiri baba alisogezwa mbele ya skrini, akashika usukani. Mara ya kwanza aliangukia miti. Hakucheka. "Tena," akasema. Mara ya tatu alipaa, akavuka mawingu, uso ukikaribia kugusa kioo. Halafu betri ikaisha, skrini ikawa nyeusi.

Hakuachia usukani.

"Tulifika wapi?" akauliza.

Nilimwambia tulikuwa tumevuka mto, tukielekea kaskazini. Akaitikia kwa kichwa, akaomba maji ya kunywa.