Zihindula, Aliyewatoza Wazungu Mahari

Haya nitakayowaeleza, wapwa zangu, hamtayaamini, na sitawalaumu. Hata mimi niliyekuwepo nina mashaka. Lakini katika Wakongo wote wa Louisville hakuna anayejua kueleza kama mimi Murhula, kwa hiyo tulieni. Naandika nikiwa Columbus, kwenye meza ya jikoni ya shemeji yangu Zihindula, huku Whitehall.

Huyu Zihindula ninyi mnamjua akibeba maboksi ghalani, kimya kama boksi lenyewe. Bon. Zamani, Bukavu, alikuwa mdomo wa watu. Kule Kadutu kulikuwa na chumba cha video, mabati juu, benchi za mbao chini, naye alisimama kando ya televisheni na maikrofoni akitafsiri filamu. Kiingereza hakujua hata salamu. Aliangalia mikono ya Wazungu, akawapa maneno.

Kaseti aliyoipenda kuliko zote ilikuwa picha ya kizamani ya Amerika, nyeusi na nyeupe, ya mapenzi na ya kuchekesha. Binti wa mwenye hoteli anapendana na fundi wa piano. Kuna mahali baba mtu na yule fundi wanakaa mezani wanapigiana kelele, binti anachungulia mlangoni. Zihindula akaona ni mahari, ingekuwa nini kingine? Akawajadilisha.

"Ng'ombe kumi!" anasema baba.

"Baba mkwe, nihurumie! Mbili na mbuzi!"

Na kwenye benchi la wanawake dada yangu Clémence anainua kidole, anapiga kelele: "Ongeza! Moja zaidi!"

Zihindula akaongeza. Kila Jumamosi akaongeza, mpaka akamwoa yule wa kwenye benchi. Ng'ombe wake niliwapokea mimi. Walikuwa wembamba, lakini leo sisemi kitu.

Mwaka jana Clémence alipatwa na kiharusi. Binti yao Séphora, anayetunza wazee huko Buffalo, akamchukua nyumbani kwake East Side, maana Columbus angebaki peke yake mchana kutwa. Tangu hapo hajatoa neno. Anatazama ukuta. Kila siku ya mapumziko Zihindula anaendesha gari kwa muda wa saa tano, anakaa naye, anarudi. Ameacha kuomba apone. Anataka kujua kitu kimoja tu: kama mke wake bado anamjua.

Mwezi wa pili Séphora akaipata ile filamu kwenye intaneti. Nikatoka Louisville, nikampitia Zihindula, tukapanda mpaka Buffalo, theluji imefika kwenye madirisha ya gari. Séphora akaiwasha mbele ya mama yake. Filamu ilipofika pale mezani Séphora akasikiliza kwa Kiingereza chake, akasema, "Papa, hawa wanagombania piano iliyoharibika."

Zihindula alikuwa amesikia mwenyewe. Siku hizi Kiingereza cha ghala anacho. Miaka yote ile aliwatoza watu mahari, na mahari haikuwepo. Akachukua rimoti, akairudisha filamu nyuma kidogo, akazima sauti. Akasimama kando ya televisheni, koti bado mwilini, mkono umekunjwa mbele ya mdomo kama ameshika maikrofoni.

"Ng'ombe kumi," akasema. Sauti ilitoka ndogo.

Clémence alitazama ukuta.

"Baba mkwe, nihurumie. Mbili na mbuzi."

Séphora akaenda jikoni, akafungua bomba ambalo halikuwa na kazi. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Kwenye televisheni fundi akapiga meza, na Zihindula akanyamaza palepale alipokuwa ananyamaza zamani, ili kungoja benchi la wanawake.

Na hapo, wapwa zangu, Clémence akacheka! Akacheka mpaka majirani wa East Side wakafungua madirisha na baridi ile, akainuka kwenye kiti mwenyewe, akapiga kelele kwa sauti ileile ya Kadutu, "Ongeza! Moja za—

"Shemeji, acha." Zihindula amesimama nyuma ya kiti changu, anasoma. "Hakucheka. Hakusema kitu. Aliinua kidole kimoja, akakirudisha kwenye blanketi. Pengine alitaka maji tu. Donc, andika hivyo."