Diplome ya Kaka Imemfungia Mdogo Wangu Mlango

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana Minago nzima inanijua. Mimi ni kijana wa miaka 23, na kwa kupanda michikichi huku ufukweni hakuna wa kunifikia. Wengine wanapanda kama mbuzi mwenye mimba. Shule niliachia darasa la tisa. Haikunishinda, tulichokana tu.

Msomi ni kaka yetu mkubwa. Baba aliuza shamba la michikichi akamsomesha chuo kikuu Bujumbura. Alirudi na diplome, tukachinja mbuzi. Mpaka leo kazi hakuna, anabeba abiria kwa baiskeli. Watu wanamwita, "Mesye Diplome, nifikishe sokoni!" Siku hizi anapita bila kumsalimia mtu.

Sasa mdogo wetu wa kike kafaulu mutihani wa serikali, chuo kikuu kimempokea. Pale kwenye mashine ya kukamua mawese wazee wakamwambia baba, "We mzee, unauza shamba lingine likuletee baiskeli ya pili?" Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Baba hakucheka. Akaniita nyumbani: "Mimi siuzi tena. Kama unamuhurumia, uza kipande chako."

Kipande hicho nilikatiwa nijenge, nioe. Kwetu kijana bila kiwanja hapewi binti wa watu, hata awe mzuri kama mimi.

Kilichonichoma ni kaka. Ndiye kamletea mdogo wetu mchumba, mfanyabiashara wa ndagala, hawa dagaa wa ziwani, toka Nyanza-Lac, baba mwenye watoto wakubwa. Jumapili wanakuja na vinywaji kufata irembo, kumwomba rasmi.

Nikamuuliza, "Wewe uliyesoma ndiye unamfungia mwenzio mlango?"

Akanijibu bila hasira: "Ndiyo, kwa sababu nilisoma. Bora aolewe, ashibe, asichekwe."

Mdogo wangu hali chakula. Jana kanifuata shambani, kashika kamba yangu ya kupandia. "Kaka, mimi siyo yeye. Nijaribu tu." Nilichukua kamba, nikapanda, nikajifanya nakata mkungu, nikakaa huko juu mpaka akaondoka.

Vinywaji vikishapokelewa, kumkataa mchumba ni aibu ya ukoo mzima. Nikiuza, mdogo wangu akarudi mikono mitupu kama kaka, nitamtazama vipi, mimi bila mke wala kiwanja? Nisipouza, anaenda kupikia watoto wanaolingana naye.

Mliosoma, na mliokimbia shule kama mimi, semeni kabla ya Jumapili: niuze, au ninyamaze wanywe?