Mchanga Mweusi Ndani ya Mwani

Siku yangu ya kwanza forodhani, msimamizi alinipa kichomeo, chuma chenye ncha cha kutobolea magunia. "Choma, toa, nusa," akasema. "Maneno ya mwenye mzigo utayasikia baadaye." Nikawa mtu wa kushuku, na mke wangu ananilaumu mpaka leo.

Mwani wa kijiji cha Jambiani huja na mchanga kidogo, mweupe kama unga. Mwaka mmoja karibu na kustaafu, nilikuta ndani ya kontena magunia ya mwani yasiyobebeka kwa uzito. Kichomeo kikatoka na mchanga mweusi, nikausogezea sumaku, ukaganda. Mchanga wa namna hiyo, wanangu, huweza kuwa na titani, madini yanayoingia kwenye ndege za kivita na makombora. Nchi ikiyaacha yatoke kwa magendo, inampa silaha mtu isiyemjua.

Mzigo ulikuwa na jina la Bi Mwanaidi, mwenyekiti wa wakulima wa mwani wa huko Jambiani. Aliitwa, akaja.

"Mchanga huu umetoka wapi, Bi Mwanaidi?"

"Wallahi sijui, mwanangu. Sie mwani tushamuuzia tajiri kulekule pwani. Magunia kashona yeye."

Nilimshuku hata yeye. Lakini ufuo wao wote mweupe. Weusi ule aliutoa wapi?

Mkuu wa kituo akaingia. "Mama huyu apelekwe polisi. Kontena liondoke leo, meli inangoja."

"Mzigo wa magendo uondoke, mkuu?"

"Mchanga tu huo! Mwenye jina nshampata. Wewe unamshuku nani tena?"

"Yeyote anayetaka liondoke leo."

Mkuu akageuka. Akamtazama Bi Mwanaidi, akamwambia aende zake; habari ya polisi ikaishia hapo. Mama wa watu alitoka mbio, kiatu kimoja akakiacha mlangoni.

Wiki ile nilihamishiwa uwanja wa ndege, kupekua masanduku ya watalii, na huko ndiko nilikostaafia. Kontena liliishia wapi sikuambiwa. Kila niliyemuuliza alitabasamu, na tabasamu za maofisini sizipendi.

Sasa nakaa nyumbani Mji Mkongwe. Taarifa ya habari ikionesha ndege za kivita zikibomoa nyumba za watu, naizima televisheni. Wajukuu hudhani nawahurumia wale watu. Nawahurumia, lakini pia najiuliza ubawa wa ndege ile ulipita bandari gani ulipokuwa bado mchanga.